Klipu Imetazamwa Mara Milioni Moja. Pesa Iko Wapi?

Fungua WhatsApp yako sasa hivi. Lazima kuna klipu ya vichekesho ambayo mtu alikutumia tangu asubuhi. Labda ni mama mwenye lesso anamfokea mtoto aliyerudi dukani na chenji pungufu, ama ni konda na abiria wanavutana juu ya shilingi kumi. Umecheka, ukaitupa kwa grupu ya familia, ukaendelea na shughuli zako. Shangazi naye ameipeleka kwa grupu ya kanisa.

Yule aliyetengeneza hiyo klipu amepata ngapi kwa kicheko chako? Kama umeitazama ndani ya WhatsApp, jibu ni sufuri. Hata senti. Klipu inaweza kuzunguka nchi nzima, watu wakaikariri maneno, na mwenyewe akawa hana nauli ya kurudi mtaani. Pesa ya vichekesho vya mtandaoni ina njia zake maalum, na nyingi ya njia hizo huishia kwenye simu kama hiyo uliyoshika. Kama wewe ni shabiki, au uko na mtoto ama mdogo wako ambaye kila jioni anasema anaenda "kushuti", ni vizuri ujue njia hizo.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Wakenya waliokua na televisheni moja sebuleni wanaikumbuka Vitimbi na Vioja Mahakamani pale KBC. Mzee Ojwang', ambaye jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, alituchekesha kwa miaka na mikaka pamoja na Mama Kayai. Kila mtu alimjua. Lakini wakati ule kipindi kilikuwa mali ya kituo, matangazo yalilipwa kwa kituo, na msanii alipewa alichopewa. Mzee alipozeeka na macho yakaanza kumsumbua, ilibidi Wakenya wachange pesa ili atibiwe. Aliaga dunia Julai 2015, jina kubwa lakini mfuko mdogo. Baadaye kikaja kizazi cha Churchill na vijana wake wa jukwaani. Hapo milango iliongezeka, ila bado ulihitaji mtu wa kukufungulia.

YouTube ilianzishwa Februari 2005, na mwaka uliofuata Google ikainunua kwa dola bilioni 1.65. Mwaka 2007 ilianza kugawana pesa za matangazo na watu wanaoweka video zao. Huo ndio mwaka ambao M-Pesa nayo ilianza hapa kwetu, mwezi wa Machi. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini leo kijana wa Githurai mwenye chaneli anaishi kwa yote mawili.

Mtoto wa Port Harcourt

Chaneli iliyoonyesha Afrika kwamba jambo hili linawezekana haikutoka Nairobi. Ilitoka Port Harcourt, Nigeria. Mark Angel alianza Mark Angel Comedy mwaka 2013 na marafiki zake. Video zilikuwa fupi, zimeshutiwa nyumbani na mtaani, wakiongea Kiingereza chao cha mtaani ambacho hata sisi tusio Wanigeria tunakielewa bila shida. Halafu akaingia msichana mdogo kwa jina Emmanuella, ambaye alianza kuigiza akiwa na miaka mitano hivi. Kama ulikuwa na simu yenye intaneti mwaka 2016, basi huyo mtoto ulimwona, hata kama hukujua jina lake. Mwaka 2017 chaneli ikafikisha wafuasi milioni moja, ya kwanza ya vichekesho Afrika kufanya hivyo.

Watu husema ni Emmanuella aliyeibeba chaneli, na ni kweli mtoto yule ana kipaji cha ajabu. Lakini angalia namna walivyofanya kazi. Video zao walizipa nambari. Ukimaliza moja, unajua kuna iliyotangulia na kuna inayofuata, kama vile ulivyokuwa unajua Vitimbi iko siku gani. Wahusika hawakubadilika: mjomba ni yuleyule, mtoto mjanja ni yuleyule. Kwa hivyo mtu aliyecheka leo alikuwa na sababu ya kurudi wiki ijayo, na kurudi ndiko kunakolipa. Klipu moja ikivuma peke yake inaleta umaarufu wa siku nne. Watu wakirudi kila wiki, unaweza kupanga kodi ya nyumba.

Jambo lingine, kutoka 2013 mpaka 2017 ni miaka minne. Vijana wengi wanaoanza hapa kwetu wanajipa miezi mitatu, kisha wanauza kamera.

Mwaka 2020 Emmanuella alimjengea mama yake nyumba, picha zikaenea kila mahali. Wakenya wengi walitoa pongezi, na wengine wakawauliza watoto wao, "na wewe unangoja nini?" Utani huo una ukali wake. Mtoto hawezi kusajili laini wala kufungua akaunti peke yake bila mtu mzima. Pesa yake inapitia kwa mtu mzima. Mzazi anayemruhusu mtoto aigize kwenye chaneli ya jirani anafaa aulize mapema pesa itaingia kwa nani, na ya mtoto itakaa wapi. Si utovu wa adabu kuuliza. Ukiuliza baada ya klipu kuvuma, hapo ndipo inaonekana kama umeingiwa na tamaa.

Mmoja, wawili, ama kikundi

Hapa Kenya chaneli za vichekesho zimekua kwa sura tofauti, na sura hiyo inaamua pesa itagawanywa vipi.

Kuna mtu mmoja. Elsa Majimbo, wakati wa korona mwaka 2020, alikaa mbele ya simu na miwani nyeusi midogo, anakula krisps, anacheka mwenyewe. Hakuwa na seti ya taa wala watu wa kumsaidia. Mwaka huohuo akashinda tuzo ya nyota wa mitandao wa Afrika kwenye E! People's Choice Awards. Flaqo naye huvaa leso akawa Mama Otis, akavua akawa Otis, anagombana na nafsi yake. Kwa upande wa hesabu huo ni ujanja mkubwa: waigizaji kadhaa, mshahara mmoja.

Kuna watu wawili wa nyumba moja. Njugush tulimwona kwenye Hapa Kule News na The Real Househelps of Kawangware, kisha akaanza kurekodi vituko vya nyumbani na mkewe Celestine Ndinda. Yaliyo kwenye video zao ni yale yanayotokea kwa kila nyumba: nani amemaliza sukari, nani ametumia pesa ya nani. Baadaye walipeleka kazi hiyo jukwaani na onyesho lao la Through Thick and Thin, watu wakalipa tiketi kuwaona ana kwa ana. Walioanza kuwacheka bure kwenye simu ndio waliokuja kununua tiketi.

Halafu kuna kikundi. Crazy Kennar alivuma akiwa na wenzake kina Bushra, Stanley Omondi na Cate. Baadaye wakaachana, kila mmoja akafuata njia yake, na wote tunaendelea kuwaona. Sababu zao ni zao. Ila kikundi chochote cha marafiki kikianza kupata pesa kinafika mahali ambapo lazima kiulizane maswali magumu, na vikundi vingi vidogo ambavyo hutawahi kusikia majina yao huvunjika hapohapo, pengine juu ya elfu kumi.

Tuingie kwenye hiyo elfu kumi sasa.

Safari ya dola mia moja

Ili YouTube ianze kukugawia pesa za matangazo, chaneli yako inahitaji wafuasi 1,000, na watu wawe wametazama video zako kwa jumla ya saa 4,000 ndani ya miezi 12. Njia nyingine ni kupata mitazamo milioni 10 ya video fupi, zile Shorts, ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila mtazamaji anakaa dakika mbili kabla ya kwenda zake, unahitaji mitazamo 120,000. Inawezekana kabisa, lakini si kazi ya wikendi moja.

Ukishakubaliwa, kwa matangazo yanayoonekana kwenye video za kawaida wewe unabaki na asilimia 55, YouTube wanachukua 45. Kwa Shorts ni kinyume: wewe 45. Na si kila mtazamo unalipa sawa. Mtangazaji anayetaka kumfikia mtu aliye Marekani au Uingereza analipa zaidi kuliko anayemlenga mtu wa hapa kwetu. Ndiyo maana chaneli zetu hupenda sana Wakenya walio ng'ambo. Binamu yako wa Dallas akitazama video ya mama na pasenti ya ugali, huenda akaleta mapato kuliko darasa zima la chuo kikuu hapa nyumbani.

Pesa ikianza kuhesabika, kuna kikwazo ambacho hakuna anayekwambia. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma barua yenye nambari ya siri kwa anwani uliyoandika, ili ithibitishe kwamba upo. Barua ya karatasi, kupitia posta! Sasa jiulize, ni vijana wangapi wako na sanduku la posta? Wengi huandika la shule waliyosoma, la kanisa, au la ofisi ya mjomba, halafu barua inafika na kukaa kwa karani wiki tano. Una miezi minne ya kuithibitisha, la sivyo matangazo yanasimamishwa. Posta wana huduma ya MPost inayogeuza nambari yako ya simu kuwa anwani ya posta, na kwa mtu anayetaka kuanza chaneli, hilo ni jambo la kushughulikia mapema, hata kabla ya kununua maiki.

Baada ya hapo unangoja mpaka ufikishe dola 100. Chini ya hapo hulipwi, pesa inaendelea kukaa kwenye akaunti yako ya AdSense. Ikifika, hutumwa mwezi unaofuata, kati ya tarehe 21 na 26. Inaingia benki, na kutoka benki unaisukuma kwa simu.

Kuna pia fomu ya kodi ya Marekani. Wengi huiruka kwa sababu imejaa maneno mazito. Usiiruke. Tangu 2021 Google hukata kodi ya Marekani kwa mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani, na kwa sababu Kenya haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, makato ni asilimia 30 ya sehemu hiyo tu. Usipojaza fomu, wanaweza kukata kutoka kwa mapato yako yote, hata yale ya watazamaji wa Kakamega.

Sasa tufanye hesabu ya mfano, kikundi cha vijana wanne: wawili wanaigiza, mmoja anaandika, mmoja anashika kamera na kuhariri. Tuseme wamepata dola 130, na dola ni shilingi 130. Hiyo ni shilingi 16,900. Benki ikatwe elfu moja, imebaki 15,900. Bando za kupakia video mwezi mzima, 3,000. Nauli za wanne kwenda kushuti, 2,400. Chakula, kwa sababu huwezi kuchekesha na njaa, 2,000. Kukodi maiki, 1,500. Zimebaki 7,000. Wakiweka elfu moja kando ya dharura, kila mtu anaondoka na 1,500.

Na huku nje watu wanawaita mastaa. Matatu inawapigia honi. Mjomba kijijini amesikia "wameanza kulipwa na Google" na tayari ameomba mchango wa harusi.

Aibu hiyo ndiyo huvunja vikundi. Mwenye laini ambayo pesa iliingia anajua kwamba zilikuwa 16,900 na zimeisha. Wenzake wameona 1,500 tu. Mmoja anaingia mtandaoni, anasoma kwamba mitazamo laki tano "inapaswa" kulipa kiasi fulani, na kuanzia siku hiyo anamtazama rafiki yake kama mwizi. Huyo rafiki pengine hajala hata shilingi, ila hana karatasi ya kuonyesha.

Fanyeni kama chama

Wakenya tunajua kuendesha chama. Akina mama wa mtaani, wengine hawakumaliza darasa la nane, wanaendesha mifuko ya mamilioni bila ugomvi kwa sababu kuna mweka hazina, kuna daftari, na kila mtu huona daftari. Kikundi cha vichekesho kinahitaji hilohilo. Kabla hata ya dola ya kwanza, kaeni chini, mwandike nani anapata asilimia ngapi, na mwenye kamera analipwa vipi kwa kamera yake kuchakaa. Iandikeni kwenye karatasi, kila mtu atie sahihi, apige picha abaki nayo.

Pesa za chaneli zisiingie kwa laini ya mtu binafsi. Hapa hatuongei kwa sababu tunauza huduma. Ukichanganya pesa ya kikundi na ile yako ya unga, hata wewe mwenyewe baada ya wiki mbili hutajua ni ipi uliyotumia. Laini au Till ya biashara inakupa taarifa ya miamala ambayo unaweza kuitoa na kuituma kwa grupu kama ilivyo. Ikiingia 15,900, kila mtu anaiona. Ikitoka 2,400 ya nauli, wanaiona. Mgao utumwe siku ileile pesa ilipoingia, hata kama ni kidogo. Kadiri zinavyolala kwa simu ya mtu mmoja, ndivyo zinavyopungua na maneno yanavyoongezeka.

Kuna suala la nani anamiliki chaneli yenyewe. Mara nyingi ilifunguliwa kwa barua pepe ya mmoja wao, miaka mitatu iliyopita, kwa mzaha. Kodi za siri za kuingilia hutumwa kwa nambari ya simu ya huyo mtu. Akihama na kuacha laini hiyo izimike, nambari inaweza kupewa mteja mwingine baada ya muda, na chaneli yenye wafuasi laki moja ikawa haina mtu wa kuifungua. Matapeli nao wanapenda sana nambari za watu maarufu. Wakifanikiwa kuhamisha laini yako kwenye kadi yao, hawapati tu pesa iliyo kwenye simu, wanapata na chaneli. Weka PIN ya kadi ya simu, usitumie mwaka wa kuzaliwa, na simu yako ikipoteza mtandao ghafla huku majirani wako nao, nenda dukani kwa mtoa huduma siku hiyohiyo.

Pesa kubwa haitoki YouTube

Mpaka hapa tumezungumzia matangazo tu, na ukweli ni kwamba wachekeshaji wanaoishi vizuri hawategemei hayo. Kampuni ya unga, ya sabuni au ya mikopo inamlipa mchekeshaji aiweke bidhaa yake ndani ya kichekesho. Malipo ya klipu moja kama hiyo yanaweza kuzidi mapato ya matangazo ya miezi kadhaa. Ndiyo sababu utaona video imeenda vizuri, halafu dakika ya mwisho mama anatoa pakiti ya sabuni kutoka hewani. Vumilia, hiyo ndiyo kodi ya nyumba.

Hapa serikali nayo iko. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta kodi ya zuio kwa malipo ya maudhui ya mtandaoni. Pendekezo la kwanza lilikuwa asilimia 15, kelele zikapigwa, ikapita ikiwa asilimia 5 kwa wakaazi wa Kenya. Kwa hivyo ukikubaliana na kampuni 50,000, usishangae simu ikilia na 47,500. Zile 2,500 zimepelekwa KRA kwa PIN yako ya kodi. Omba cheti cha makato hayo, kwa sababu unapowasilisha ripoti yako ya mwaka, yanahesabiwa kama kodi uliyokwisha kulipa. Vijana wengi hawaombi, wanaishia kutozwa mara ya pili kwa pesa ileile.

Na malipo yakichelewa? Mchekeshaji mdogo ndiye hulipwa mwisho. Ni kawaida kuambiwa siku 60, hata 90, baada ya klipu kwenda hewani. Kama unaweza, omba nusu kabla ya kushuti. Akikataa kabisa hata kuweka makubaliano kwa maandishi ya barua pepe, basi ujue siku ya kulipa utakuwa unapiga simu isiyoshikwa.

Upande wa shabiki

Wewe ambaye kazi yako ni kucheka, kuna mambo mawili matatu.

La kwanza ni kwamba unaweza kumsaidia mchekeshaji bila kutoa hata shilingi. Badala ya kutuma faili ya video kwenye grupu, tuma kiungo chake, watu waitazamie kwake. Usiruke mbele kila mara. Ukiona tangazo la sekunde 15, liache liishe. Wakati huo unaweza kugeuza chapati.

La pili ni kuhusu kutuma pesa. Wakati mwingine mchekeshaji akiwa moja kwa moja mtandaoni huweka nambari, na watu wanatuma hamsini, mia, "ya soda." Ni jambo zuri. Lakini matapeli wanaijua tabia hiyo kuliko wewe. Wanafungua ukurasa wenye picha na jina la mchekeshaji maarufu, wanaongeza nukta moja au herufi moja kwenye jina, kisha wanaandika: umeshinda elfu ishirini, tuma 350 ya usajili. Au wanadai kwamba mchekeshaji fulani ana mgonjwa na anachangisha. Watu wenye huruma wanatuma haraka, na huruma yetu Wakenya, kama walivyoona waliomchangia Mzee Ojwang', si haba.

Kabla muamala haujakamilika, simu yako inakuonyesha jina la mwenye nambari au la Till. Lisome. Linafaa kufanana na jina la mtu au la kampuni yake, si jina la mgeni ambaye hamjawahi kusikia popote. Ukurasa ukikwambia "hiyo ni nambari ya meneja wangu," nenda kwenye ukurasa wake halisi, ule wenye video za miaka mingi, uone kama nambari hiyo iko pale. Na hakuna zawadi ya kweli inayoanza na wewe kulipa. Ukituma kimakosa, omba kurudishiwa muamala mara moja, usingoje jioni. Pesa ikishatolewa kwa ajenti, kuirudisha ni kazi ngumu sana.

Tiketi za maonyesho nazo, zinunue kwa Paybill au kiungo kilichotangazwa na msanii mwenyewe, na uhifadhi ule ujumbe wa uthibitisho mpaka uwe umeketi ndani ya ukumbi. Mtu anayekuuzia tiketi nje ya mlango kwa bei nusu, akitaka umtumie kwa laini yake binafsi, mara nyingi amemuuzia na mwingine tiketi hiyohiyo, na mlangoni inasomwa mara moja tu.

Kama uko kwenye chaneli na unasoma haya mwezi wa Oktoba au Novemba, anza kurekodi sasa. Kampuni humwaga pesa za matangazo kuelekea Krismasi, na mtazamo wa Desemba hulipa vizuri kuliko ule wa Januari, ambapo bajeti zinaanza upya na kila mtu amekaza mkanda. Pia watu wako ushago, hawana haraka, video inazungushwa kwa simu za shangazi wote. Ila usipange kununua mbuzi wa Krismasi na pesa hiyo. Mapato ya Desemba yanatumwa kati ya tarehe 21 na 26 Januari, wakati shule zimeshafunguliwa na mwalimu mkuu amekwisha kupiga simu mara mbili.